Jogoo Niliyemwonyesha Mtawa

Nina miaka arobaini na mbili, nafundisha jiografia sekondari, na bado wapo wanawake watatu hapa Bombambili, Songea, ambao nikiwaona kwa mbali nageuza baiskeli. Siyo kwamba tumekosana, hapana, wakinikuta wananisalimia vizuri tu na kuniuliza habari za jogoo, na hilo swali la jogoo ndilo linalonigeuzisha baiskeli. Ngoja niwaeleze taratibu, maana nikiruka hatua moja hamtaelewa, kama mimi ambavyo sikuelewa siku ile.

Mambo ya Kibudha nilianza kwa simu. Nilikuwa silali vizuri, rafiki yangu wa Dar akaniunganisha na kundi la watu wanaokaa kimya kila alfajiri, kila mmoja nyumbani kwake, dakika ishirini, unafuata pumzi inavyoingia na inavyotoka. Ni rahisi, hata wewe unaweza. Mwaka mmoja baadaye kundi likatangaza kwamba kuna mtawa, mtu wa Sri Lanka, anafanya hija ya miguu kutoka Makambako hadi Ziwa Nyasa, hagusi pesa, haombi chakula, asubuhi anasimama tu na bakuli lake na kupokea anachopewa, na wakauliza nani atampokea Songea. Nikajibu haraka kuwa ni mimi. Wakanitumia kurasa sita za maelekezo. Nilisoma mbili. (Mimi huyu huyu ninayewafokea wanafunzi kwa kutosoma swali mpaka mwisho.)

Alifika Ijumaa jioni akitokea upande wa Madaba, nguo yake ya rangi ya chungwa imejaa vumbi, nikampeleka kwa mama yangu kwa sababu yeye ana chumba cha uani na mimi nina chumba kimoja tu. Mama ni Mkatoliki wa kuzaliwa, sala haimpiti. Alimtazama mgeni miguu, akamchemshia maji ya chumvi, akaamua kwamba huyu ni Bruda kama Mabruda wengine, ila ametoka mbali.

Sasa hapa shikeni jambo moja. Mama anaishi kwa kupika kwenye sherehe, harusi, kipaimara, komunyo, na hana bango wala kadi, watu wanampa kazi kwa kusikia jina lake tu. Kesho yake, Jumamosi, kamati ya harusi moja kubwa ilikuwa inakuja kuonja mapishi yake kabla ya kuamua kama wampe yeye au mpishi mwingine. Akaona ni baraka, wote wale chakula pamoja na Bruda. Nikamwambia mama kwamba mtawa hali kitu baada ya saa sita mchana, akasema basi tutapakua mapema.

Asubuhi mama akamkamata jogoo wake mwekundu. Kwetu mgeni wa heshima anaonyeshwa kuku akiwa hai, ajue kwamba hakupewa kiporo wala kuku aliyejifia. Mama aliniuliza kama na hawa nao huwa wanaonyeshwa. Nilikuwa na kurasa nne sijazisoma, simu iko mfukoni. Nikasema ndiyo, wanaonyeshwa. Nikamshika jogoo miguu, nikampelekea mtawa, naye akaunganisha viganja, akamwinamia yule jogoo na kutabasamu. Nikarudi jikoni nikasema amemkubali. Jogoo akachinjwa pale pale nyuma ya jiko, tena kwa kelele.

Na mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimeweka nadhiri mbele ya mtawa, ile ambayo waumini wa kawaida huishika kwa siku moja moja, na mojawapo ya masharti yake ni hilo la kutokula baada ya saa sita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilijiona nimekua.

Wanawake wa kamati wakaja watatu, wamechelewa, mwenyekiti wao Mama Tekla amebeba hotpoti ya dagaa wa Nyasa, maana mtu haji kumwona mgeni mikono mitupu. Nikawapa shikamoo, nikawakalisha, kisha nikaanza kusomesha. Nikawaeleza hija, nikawaeleza bakuli, na nikasisitiza (nilirudia mara mbili, kama darasani) kwamba huyu hachagui, chochote kinachoingia kwenye bakuli ndicho chakula chake, hakatai kitu.

Mama akampakulia wali, akapokea. Maharage, akapokea. Mama akachota paja la jogoo, na mtawa akafunika bakuli kwa kiganja.

Mnajua kukataa chakula cha mwenye nyumba mbele ya watu maana yake nini huku kwetu. Ni kama kutangaza kwamba umeona kuna kitu kimetiwa. Mama alibaki na upawa hewani, mchuzi unadondoka, na mimi bila kufikiri nikasema hali nyama. Mama Tekla akashusha pumzi, akafungua hotpoti yake, akachota dagaa, na kiganja kikaondoka juu ya bakuli. Akapokea. Akapokea na mara ya pili.

Mama Tekla akaniuliza kama dagaa ni mboga za majani. Nikasema hapana, nilimaanisha kuku, kuku wanamsumbua tumbo.

"Mwalimu," akasema, "juzijuzi dada yangu wa Madaba alimpa huyu huyu kuku aliyebaki usiku. Akala. Dada alinipigia simu kunisimulia."

Wale wengine wawili wakatazamana. Maana yake sasa ilikuwa wazi kwa kila mtu: Bruda anakula kuku, ila wa nyumba hii hamtaki. Nikamwinamia mtawa, nikamuuliza kwa Kiingereza kuna nini, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba kuku yeyote mwingine angempokea, lakini huyu alimwona, akamsikia, na anajua ameuawa kwa ajili yake, na nyama ya namna hiyo mtawa haipokei. Alidhani nimemletea jogoo amwombee heri.

Yaani heshima yetu ndiyo iliyoharibu chakula, na aliyeibeba hiyo heshima kwa kuishika miguu ni mimi. Nikawaeleza yote, neno kwa neno, kwamba chakula hakina kosa, kosa ni langu. Ukweli mtupu. Mama Tekla akatikisa kichwa.

"Mara nyama, mara tumbo, sasa macho. Hiyo umeitunga hivi sasa, mwanangu."

Mama alikata kipande akala yeye kwanza, mbele yao, akatafuna taratibu akameza. Kisha akajaza sahani, mapaja yote mawili, akaniwekea mapajani.

"Kula wewe, Odilo."

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika saba. Nikataka kueleza habari ya nadhiri, nikaona macho ya wale wanawake, nikatambua kwamba nikifungua mdomo kueleza jambo la nne, mama yangu hatapika tena kwenye mtaa huu. Nikamtazama mtawa. Alikuwa amekwisha kula, ameinamia bakuli lake tupu. Nikala. Nilikula mpaka mifupa, na wao wakanitazama kwa dakika kadhaa kuona kama nitaanguka. Sikuanguka, nilipata kwikwi tu. Ndipo Mama Tekla akavuta bawa, akaonja, akasema chumvi imekaa sawa.

Kazi mama aliipata. Mimi hakunisemesha mpaka Jumatatu. Jioni nilimwungamia mtawa kwamba nadhiri haikufika hata nusu siku, nikitegemea neno zito, naye akaniuliza kama jogoo alikuwa mtamu. Nikasema sana. Akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nadhiri nyingine inaweza kuanza kesho alfajiri.

Nilizisoma kurasa zote sita kabla jua halijazama. Lile la nyama liko ukurasa wa tatu, mstari wa juu kabisa. Miaka kumi na saba nimesimama mbele ya watoto nikieleza mambo, na sikuwahi kujua kwamba kusema "sijui" hakuchukui hata nusu dakika. Siku hizi nasema. Na mgeni akija, awe wa dini yoyote, namuuliza yeye mwenyewe kwanza, mikono yangu ikiwa mgongoni, kabla sijamshika kuku yeyote miguu.