Michi Mitatu, Kinu Kimoja

Miaka ile ya vita vya Wazungu, mchele wa ng'ambo uliadimika, ikabidi kila nyumba itwange mpunga wake. Kwetu, nje kidogo ya Wete, mtwangaji nilikuwa mimi. Alfajiri nishachota maji, nishatwanga na wenzangu wa jirani, ndipo nioge nishike njia ya skuli, na njia yenyewe vilima vitupu. Sasa huko skuli ya wasichana akaletwa mwalimu mwanamke kutoka mjini Unguja, na neno lake la kwanza ni kwamba watoto hukaa sana, kwa hiyo kila siku tutafanya mazoezi ya viungo. Tulitazamana. Huko alikosomesha, wasichana walishinda ndani, maji ya mfereji, mchele wa dukani. Sheria ya viungo ilitungwa kwa ajili yao, ikapakiwa melini pamoja naye ikatufuata sisi.

Bibi yangu, ndiye aliyenilea, alipopata habari alipandwa na mori. Kwake yeye, msichana wa kurukaruka uwanjani ni msichana asiye na mwenyewe. Akaapa kwamba Jumatatu atakuja kuona kwa macho yake, na akinikuta narusharusha mikono, siku hiyo hiyo ananitoa skuli. Nilikuwa naipenda skuli kuliko halua, jamani, na Bibi akishasema kasema.

Jumatatu ikafika. Uwanja wetu ulikuwa na ua wa makuti, na penye upenyo nikaiona kanga yake. Mwalimu akatupanga safu, akaamuru tupandishe mikono sote pamoja, tushushe pamoja. Balaa! Mmoja akipandisha, wa pili anashusha, wa tatu yuko katikati. Akaturudisha, yakawa yale yale. Hatukukusudia, wallahi. Tangu wadogo tunatwanga watatu kwenye kinu kimoja, na kila mtu humngoja mwenziwe, la sivyo michi hugongana. Mikono ilishazoea kupokezana, amri haikuisikia. Mwalimu akaishiwa na subira, akasema watoto wa mjini waliyajua haya siku ya kwanza, ila watoto wa Pemba wazito.

Hapo ua ukatikisika. Bibi huyo kaingia, kanga kaifunga kibwebwe, nami nikajua ndiyo basi tena, narudishwa nyumbani. Kumbe hasira zishahamia kwengine.

"Mwalimu," alisema, "wazito hawa? Hawa ndio wanaotwanga mpunga wa huo wali unaokula."

Mwalimu alikuwa na adabu zake. Alimwamkia shikamoo, akamwuliza, basi wafanyeje? Bibi aliitikia marahaba. Akaanza kuimba wimbo wa kutwanga huku anapiga makofi, nasi bila kuambiwa tukaupokea: wa kwanza juu, wa pili juu, wa tatu juu, uwanja mzima ukawa unapanda na kushuka kwa zamu. Nilisahau kabisa kwamba natolewa skuli. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mwalimu naye akacheka, akavua viatu, akajitia kati yetu, akawa anakosea zamu na Bibi anamrekebisha kama mkwe mpya jikoni.

Njiani kurudi Bibi alitangulia. Mimi nyuma yake nimenywea, nikiogopa hata kukohoa, maana hakuna aliyekifuta kile kiapo. Nikalala nacho.

Asubuhi nikaamshwa na kishindo cha mchi. Nikakurupuka nikidhani nimechelewa, nikamkuta Bibi kinuni peke yake, jasho linamchuruzika, na mpunga wote keshaumaliza ila konzi chache. Nikanyoosha mkono nimpokee. Akauvuta mchi kando.

"Wacha," alisema. "Weye una viungo leo. Usende ukanitia aibu."