Kidani cha Uwimana

Agripina, mkulima wa Murukulazo, alianza kumjua Semeni, mwenye duka la shanga mjini, kwa kubishania bei. Wakazoeana hadi kuitana dada. Agripina hakumudu dhahabu, hivyo harusi ya bintiye Uwimana ilipokaribia, alimtungia kidani cha mbegu za porini.

“Niazime nikakitazame vizuri nyumbani, dada,” Semeni aliomba. Akaazimwa.

Siku ya harusi wageni wanne waliingia kanisani na vidani vya namna ileile, walivyonunua dukani kwa Semeni. Uwimana akakivua chake.

“Biashara haina udugu,” Semeni alijitetea.

“Sawa,” Agripina alimjibu. “Lakini hukuuliza mbegu zinaandaliwaje.”

Baada ya miezi miwili vidani vya Semeni vilibunguliwa na wadudu, wateja wakavirudisha. Cha Uwimana, ambacho mbegu zake zilichemshwa kwanza, bado kizima kabatini. Hajakivaa tena.