Kura ya Harlan Stidham

Wiki ile ya kura Harlan Stidham hakutulia. Alifungua injini ya trekta aliyokwisha kuitengeneza, akaifunga, akaifungua tena. Alikuwa fundi na shemasi wa kanisa la Kibaptisti huko milimani Kentucky, Marekani, katika wilaya ambayo sheria ilikataza kuuza pombe. Baba yake alikuwa mlevi, akilewa akiwafukuza wanawe nje kwenye theluji. Harlan mwenyewe hakuwahi kuonja tone. Kwa hiyo aliposema kanisani kwamba angepiga kura bia iruhusiwe, watu walidhani wamesikia vibaya.

"Shemasi, umepatwa na nini?" mchungaji aliuliza.

"Kulewa ni dhambi, sijabadilika. Lakini sitaki polisi anishikie dhamiri. Mtu akiacha pombe kwa kuogopa pingu, ameacha nini?"

"Sheria ndiyo inayowaambia watoto wetu kipi kibaya. Ukiifuta, nani atawaambia?"

"Mimi na wewe. Si ndiyo kazi yetu?"

Kesho yake dada yake Oleta alimfuata gereji. Clay, mwana wa Oleta, mtu mzima, alikuwa ameacha kunywa tangu majira ya kuchipua.

"Kaka, Clay akitaka chupa lazima avuke mpaka wilaya jirani. Ile safari ndiyo inayomfanya ageuze gari arudi. Wewe unataka kumsogezea mlangoni!"

"Baba alilewa wapi, Oleta? Si hapahapa, na sheria hiihii?"

"Uhuru wako huo ni wa watu wenye roho ngumu kama wewe. Sisi wengine unatuachia nani?"

Harlan aliinamia injini. Alikaza nati mpaka ikakatika.

Alipiga kura ya ndiyo, na ndiyo ikashinda kwa chupuchupu. Ushemasi akavuliwa. Oleta akahamia benchi jingine kanisani.

Duka la bia lilipofunguliwa karibu na kituo cha mafuta, Harlan alianza kupita pale, akipunguza mwendo kuangalia magari ya nani yameegeshwa. Akajionea aibu: yeye aliyemkataa polisi, sasa anafanya doria. Kesho yake alipita tena.

Ijumaa moja akaliona gari la Clay. Alimkuta amesimama mbele ya friji, mkono kwenye mlango wake.

"Mjomba, umekuja kunikamata?"

"Sina pingu. Nimekuja tukanywe kahawa."

"Nikikataa?"

"Utanunua. Nitakungoja nje nikuendeshe mpaka nyumbani."

Clay akauachia mlango, wakaenda kunywa kahawa.

Kabla ya majira ya baridi Clay alilewa tena, na Harlan ndiye aliyemzoa. Safari hiyo Oleta ndiye aliyempigia simu, ingawa kanisani bado hamsogelei. Kura yake Harlan haijutii. Ila simu ikilia, huinuka na ufunguo wa gari mkononi kabla hajajua ni nani.