Tulipobomoa Bwawa la Kasulu

Siku yangu ya kwanza kwenye bwawa la kuogelea la Kasulu, mwaka 2012, Msimamizi alinipa mwanzi mrefu hata kabla ya kunionyesha maji. "Umetoka Kibondo kwenye pampu, mashine unazijua," akasema. "Hapa kazi ni watoto. Huu ndio mwalimu, wewe unaubeba tu."

Vijana mtacheka, lakini ndivyo tulivyofundisha. Mtoto akishajua kuelea, unatembea ukingoni ukimtangulizia ncha ya mwanzi. Haushiki, anaufuata, akichoka anaudaka. Somo la mwisho tuliliita kunyimwa: unaondoa mwanzi, anavuka mwenyewe. Kabla ya hapo mtoto anajua kufuata tu.

Bwawa lenyewe lilikuwa limezeeka. Lilijengwa mtelemkoni, ukuta wa chini ukizuia maji yote juu ya nyumba za watu, na nondo ndani yake zilikuwa chache. Huku kwetu ardhi hutikisika. Baada ya tetemeko moja Mhandisi alikuja, akazipitia nyufa kwa tochi.

"Ukuta huu ukiachia, wale wa chini wamekwisha. Funga leo."

"Bwana Mhandisi, nina watoto hawajanyimwa mwanzi bado. Nipe wiki moja."

"Mzee wangu, tetemeko haliombwi wiki."

Alisema kweli, sina ugomvi naye. Tukafungua vali, maji yakaenda, ukuta ukabomolewa. Jipya likaanza kujengwa kwenye tambarare, na ujenzi mnaujua: mvua, kungoja saruji, mvua tena.

Kati ya watoto hao alikuwemo Neema, ambaye mama yake anauza mawese sokoni. Mbishi yule, na maji aliyapenda, jamani! Alipochoka kungoja alikwenda mtoni na binamu yake. Akakata mwanzi, akampa binamu, akamwambia atembee ukingoni kama Mwalimu. Binamu akafanya vilevile. Lakini maji ya mto yanakwenda. Neema alipoudaka mwanzi, mkondo ulishamvuta, na binamu alikuwa mdogo, mwanzi ukamponyoka. Walimkuta mbali huko chini, mwanzi bado ameukumbatia.

Nimezika wengi. Huyo hadi leo sijamaliza kumzika.

Bwawa jipya lilifunguliwa 2015, nami nimeshastaafu, wakanialika kama mgeni. Zuri, ukuta wake imara, nondo za kweli. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilitazama mlango, nikiomba Mama Neema asije.

Akaja, amemshika mkono mdogo wake Neema. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

"Mwakeye, Mwalimu," akanisalimu Kiha. "Huyu naye anapenda maji. Nimemkataza, nimeshindwa. Mfundishe. Ila huyu usimwachie njiani."

Nilitaka kumwambia mimi si mfanyakazi tena, kuna mwalimu mpya, kijana mzuri tu. Nikavua viatu.