Mikono ya Mashati Kumi na Mawili

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa aproni, fundi aliweka kiganja juu ya meza ndefu ya kukatia akakipitisha polepole kutoka ncha moja hadi nyingine, kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Akifika mwisho alitikisa kichwa kidogo, na hapo ndipo siku ilipoanza.

Karani wa stoo alimtazama kupitia dirisha lake la waya, na kwa miezi minane jambo hilo halikumtoka rohoni. Fundi alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alikuwa anasikia nini pale mezani?

"Anasikiliza cherehani zimeamkaje," mpiga pasi alimwambia, maana hakuna asichokijua. "Viziwi wana masikio viganjani, dada. Ukimsengenya hapa, meza inamfikishia."

"Basi wewe umekwisha," karani akajibu kwa sauti yake ndogo.

Dawa ilikuwa kumuuliza mwenyewe. Lakini karani alikuwa mtu wa haya hata kwa mdomo, sembuse kuuliza kwa mikono mbele ya karakana nzima. Swali alilifanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo, akifika kazini anaishia kusalimia.

Miaka kumi na mmoja fundi alikuwa ameshona hapo akiitwa Bubu, akipewa maagizo kwa kuvutwa bega na kuonyeshwa kidole. Mwaka uliopita mwenye karakana akaleta mwalimu wa lugha ya alama, kila Alhamisi baada ya chakula, na juu ya mlango ikafungwa taa nyekundu ya kuwaka kengele inapolia. Walionuna walikuwepo: uzee huu turudishwe darasani? Wakarudi hivyo hivyo, na mpiga pasi akawa wa kwanza kujua matusi. Jina la Bubu likafa lenyewe. Wakampa fundi jina la alama, kidole kimoja shavuni, pale penye kishimo chake.

Sasa alikuwa kwenye mwezi wa majaribio. Akifaulu, angekuwa msimamizi wa meza, mafundi kumi na wanne chini yake. Mkuu wa karakana, waliyemwita Futikamba kwa kuwa kamba ya kupimia haikumtoka shingoni, alikuwa na wasiwasi.

"Simpingi," alimwambia mwenye karakana. "Lakini siku agizo likipotea njiani, mama, nani atatuambia limepotelea wapi?"

Likapotea wiki ya tatu. Zilikuwa sare za wauguzi, mashati meupe ya mikono mirefu. Futikamba alikuja mezani kifua mbele, akaonyesha shati, akaonyesha mkono wake, kisha akafanya alama. Fundi akakunja uso. Akamsogezea chaki ili aandike. Futikamba akaisukuma chaki kando: yeye sasa msomi, haandikiani na mtu. Akarudia alama ile ile. Fundi akarudia naye, akiuliza kwa nyusi. Futikamba akaitikia kwa kichwa, akaondoka zake.

Mkasi ukaingia kazini.

Alirudi baada ya nusu saa akakuta mashati kumi na mawili yamebaki na mikono mifupi, vipande vimepangwa vizuri pembeni.

"Nilisema wakunje!" akapiga kelele. "Wakunje pindo! Nani kawaambia wakate? Si nilisema mimi? Si nilisema?"

Mwenye karakana akatoka ofisini. Karani alishika waya wa dirisha. Zamani mambo yangeishia hapo: Bubu hakuelewa, basi, nani angemtetea? Fundi alisimama na mkasi mkononi, macho yakihama kutoka mdomo hadi mdomo.

"Alionyesha nini?" mwenye karakana akauliza.

Hakuna aliyejibu kwa mdomo. Fundi wa vifungo aliinua mkono kwanza, vidole viwili vikifunguka na kufumba. Jirani yake akafuata. Karani akajiona naye ametoka stooni, mkono wake juu, vidole viwili vinafunguka na kufumba. Meza nzima ilikuwa inakata hewa.

Futikamba aliwatazama. Akaviangalia vidole vyake mwenyewe, akajaribu alama, akajaribu ya pili.

"Kunja ni ipi kwani?"

Fundi akaweka mkasi chini, akamwonyesha: kiganja juu ya kiganja, kinageuka.

"Ala," alisema Futikamba. "Basi nimekata mwenyewe."

"Mikono kumi na miwili!" mpiga pasi akadakia.

"Ishirini na nne," karani akasema, na wote wakageuka, maana hawakuwahi kumsikia akisema kwa sauti kiasi hicho.

Mashati yakashonwa upya. Futikamba alinunuliwa kibao cha kuandikia, na tangu siku hiyo agizo lolote la kukata likawa linaandikwa. Mwisho wa mwezi ndiye aliyempelekea fundi barua ya usimamizi, akampongeza kwa alama moja tu, aliyoifanyia mazoezi.

Asubuhi iliyofuata kiganja kikapita juu ya meza kama kawaida. Karani, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomeka lebo kwenye mafungu ya vitambaa yaendayo mezani, akatoka stooni, akasimama mbele ya msimamizi mpya, akauliza kwa mikono: Unasikia nini hapo?

Fundi akamtazama kwa mshangao. Kisha akamjibu, polepole, ili asipotewe na hata alama moja:

"Sisikii kitu. Natafuta pini. Wewe ndiye unayeziacha."