Lori Lililolazwa Kichwa Chini

Mume wangu Kornelio alikuwa mpole mpaka kuku walimpanda mgongoni. Mdomo wa nyumba nzima nilipewa mimi Rahabu, na mwaka ule wa sabini na tano mdomo huo ulitufaa sana.

Kijiji chetu cha ujamaa, huku juu milimani karibu na Malindi, si ile ya pwani, kilinunua lori kuukuu kutoka shamba moja la chai. Tulilipokea kwa vigelegele, maana kabichi zilikuwa zinatuozea shambani tukiziangalia. Kornelio alishafanya kazi na magari ya chai miaka tisa, anaendesha na kutengeneza, basi akapewa ufunguo. Nilivyotembea sokoni juma lile, ungedhani nimeolewa upya!

Haukupita mwezi, oili ikaanza kupotea. Lori likishuka Mombo na kabichi na kurudi, chuma cha kupimia oili kinatoka kikavu. Na oili miaka ile ilikuwa adimu, si ya kuchezea. Kila asubuhi Kornelio alijilaza chini ya lori na tochi: hakuna tone. Moshi mbaya, hakuna. Halmashauri ya kijiji nayo ikaja kuchungulia, ikaona ardhi haina doa, ikakata shauri kwamba oili haivuji. Inauzwa Mombo.

Aliyelitamka ni mwenyekiti, Mzee Timotheo. Baba yangu mzazi, jamani! "Njia ya mwongo fupi," akasema mbele za watu, akauchukua ufunguo akautia mfukoni. "Jumamosi tunakabidhi lori kwa dereva mwingine, Anselm, na wewe tunakupeleka polisi."

Kornelio angesema nini? Kwetu mtu habishani na mkwewe. Hamkazii macho, hampandishii sauti, na wakikutana njiani anampisha hata kama pembeni ni tope. Basi akainamisha kichwa tu. Watu wakasema, mnamwona, ana hatia huyo.

Siku mbili hakula. Mimi nilichemka! Nikaenda kwa baba, shikamoo ikanitoka kwa shida, nikamwuliza, "Baba, kumbe uliniozesha mwizi?"

Akajibu, "Mwanangu, nami inaniuma. Nionyeshe tone moja tu."

Nilirudi nyumbani nimefura, nikashika kibuyu changu cha maziwa. Kina ufa ubavuni, lakini sikitupi, nilirithishwa na mama mkwe. Ukikilaza ufa ukiwa juu, hakimwagi hata kidogo. Siku ile kwa hasira nikakilaza vibaya, maziwa yakatambaa mpaka mafigani. Nilianza kulaani, halafu nikaacha katikati.

"Kornelio! Lori huwa unalilaza vipi?"

"Kichwa chini," akasema. "Si ndivyo wote tunavyolaza magari?"

Ni kweli. Milima hii hata kuku hana mahali tambarare pa kutagia. Betri ikichoka, unaegesha gari likitazama bondeni, ili asubuhi uliachie literemke liwake lenyewe. Lori letu lililala hivyo kila siku, oili yote imekimbilia mbele. Likipanda kutoka Mombo, oili inarudi nyuma. Kama ufa uko nyuma, basi lilikuwa linaimwaga barabarani, kona baada ya kona, na tope la masika linafunika kila kitu chini ya tumbo lake. Kornelio alinishika mikono yote miwili mlangoni, majirani wakiona, jambo ambalo hajapata kulifanya!

Jumamosi nilisimama kabla kikao hakijafunguliwa. "Tone mlilolitaka nitawaonyesha. Ligeuzwe, litazame mlimani."

Wengine waliguna, lakini baba akakubali. Anselm akaligeuza, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akazima, akamrudishia baba ufunguo. Kornelio akaosha tope kwa ndoo mbili za maji. Sisi wanawake tukatandaza majani ya migomba chini yake, tukasubiri. Majani yakabaki safi. Mtu akacheka nyuma yangu. 

Baba akachoka kusubiri. Akavua koti lake la vikao, akajiingiza mwenyewe chini ya lori, tukawa tunaona miguu tu.

"Aka!"

Akatoka na tone jeusi katikati ya paji la uso, linamteremkia puani. Tukapiga vigelegele, Bertha jirani yangu akakaa chini kwa kicheko. Anselm akachungulia, akasema gasketi ya sampu, ile inayoziba bakuli la oili chini ya injini, imekatika, kona ya nyuma kabisa.

Baba hakucheka, wala hakujifuta. Alimwendea Kornelio, ambaye alikuwa anatazama ardhi, akamtolea ufunguo kwa mikono miwili, jinsi mdogo anavyompa mkubwa.

"Mkwe wangu, nimekuita mwizi mbele ya kijiji. Mbele ya kijiji hikihiki, naomba unisamehe."

Kornelio alipokea huku machozi yanamtoka waziwazi. Alikata gasketi mpya kwenye karatasi ngumu ya boksi, na mchana ule ule kabichi zikapakiwa. Lilipokuwa tayari, akafungua mlango wa mbele, akamtazama baba yangu usoni kwa mara ya kwanza tangu anioe.

"Baba," akasema, "panda, tushuke wote."