Jibu Nililomufutisha Mama Sifa

Rafiki zangu, leo nimemwangusha Mama Sifa, na nilidhani ninamusaidia.

Tulikuwa kwenye mutihani wa kutafuta mwalimu wa shule ya Kashuga. Swali lilisema: kanusha "Ng'ombe wote wanatoa maziwa."

Yeye aliandika: "Kuna ng'ombe asiyetoa."

Mimi, muzee wa kanisa mzima, nikamunong'oneza: "Hapana, dada. Andika hakuna hata mumoja anayetoa."

Akafuta. Aliniamini!

Walisahihisha palepale. Jibu lake la kwanza njo lilikuwa sawa. Ng'ombe mumoja mukavu, asiyetoa maziwa, anatosha kukanusha "wote". Kwa alama hiyo moja akakosa kazi.

Sikuweza kumutazama.

Akasema polepole: "Papa, si kila neno la muzee wa kanisa ni kweli."

Hapo alikanusha vizuri kabisa.

Niambieni, Jumapili nitaongozaje sala mbele yake?